Mpaka, soko au chanjo: kupima hatua za kudhibiti mlipuko kwa kusoma jenomu za virusi

Mlipuko ukishafika Nyanda za Juu Kusini, hatua huchukuliwa mfululizo. Wasafiri wanapimwa joto mpakani Tunduma na Kasumulu, minada inasimamishwa, shule zinafungwa, timu za chanjo zinaingia vijijini. Baada ya wiki kadhaa wagonjwa wanaanza kupungua, na kila idara inaamini kazi yake ndiyo iliyozaa matunda. Grafu ya wagonjwa haiwezi kumaliza ubishi huo. Inakwambia wangapi waliugua, basi. Haisemi kama mgonjwa wa Mwanjelwa, jijini Mbeya, alipata kirusi kilichoingia juzi na lori kutoka Zambia, au kile ambacho kimekuwa kikizunguka jijini tangu mwezi uliopita. Na kama ni la kwanza, fedha ziende mpakani. Kama ni la pili, kila shilingi inayoongezwa mpakani ni hasara.

Jenomu za virusi, yaani maelezo yote ya kinasaba ya kirusi yanayosomwa kama mfuatano wa herufi, zinaweza kutenganisha hali hizo mbili, kwa masharti. Mwongozo huu ni kwa maofisa ufuatiliaji wa magonjwa wa mikoa na halmashauri, watu wa maabara, na yeyote atakayekaa na timu ya afya ya mkoa kuamua hatua ipi iendelee. Sehemu ya maabara nimeipitia haraka kwa makusudi. Mashine za kusoma jenomu zimekuwa ndogo na bei yake imeshuka. Kinachoharibu kazi nyingi ni swali lisilonyooka na sampuli zilizookotwa ovyo.

1. Jua kirusi chako kinabadilika kwa kasi gani

Kirusi kinapojinakili hukosea herufi moja moja kwenye jenomu yake, na makosa hayo hurithiwa na virusi vinavyofuata. Kwa kulinganisha makosa tunajua nani yuko karibu na nani kwenye mnyororo wa maambukizi. Lakini kasi ya makosa hutofautiana sana kati ya kirusi na kirusi, na hiyo ndiyo inayoamua maswali gani yanajibika.

Kirusi cha UVIKO-19 kina herufi karibu 30,000 na hubadilisha takriban mbili kwa mwezi. Kwa kuwa mtu humwambukiza mwenzake ndani ya siku chache, jenomu zao mara nyingi zitafanana herufi kwa herufi. Kwa hiyo kufanana hakuthibitishi kwamba fulani alimwambukiza fulani. Wote wawili wangeweza kuambukizwa na mtu wa tatu ambaye hukumpima. Jenomu hukanusha vizuri kuliko zinavyothibitisha. Wagonjwa wawili wa wiki moja wanaotofautiana kwa herufi kumi hawakuambukizana, hata kama wanauza nyanya meza moja.

Kwa polio, maabara huangalia zaidi kipande kiitwacho VP1, chenye herufi karibu 900, ambacho hubadilika kwa takriban asilimia 1 kwa mwaka. Mpox ni kirusi cha DNA chenye herufi karibu 197,000. Katika maambukizi ya mtu kwa mtu ya miaka ya karibuni kimeonekana kubadilika takriban herufi sita kwa mwaka. Ukitaka kupima hatua ya wiki mbili dhidi ya mpox kwa jenomu peke yake, utakuwa unatafuta tofauti ambazo bado hazijatokea. Surua ina mtego wake: jenomu nzima ina herufi 15,894, lakini kwa kawaida maabara husoma kipande cha herufi 450 tu. Kipande hicho kinatosha kujua aina ya kirusi. Hakitoshi kutenganisha minyororo ndani ya mlipuko mmoja, kwa hiyo omba jenomu nzima.

2. Andika swali kabla ya kukusanya sampuli

Usianze na "tuone jenomu zinasemaje". Andika hatua moja, tarehe yake, na dalili ambayo ungetarajia kuiona kwenye jenomu kama hatua hiyo ilifanya kazi.

Hatua ya mpakani hupimwa kwa idadi ya mara ambazo kirusi kimeingia upya. Hatua za ndani kama kufunga mnada au shule hupimwa kwa ukubwa wa makundi ya maambukizi yanayotokana na kila uingiaji. Kutenga wagonjwa na kufuatilia waliokutana nao hupimwa kwa muda ambao ukoo mmoja wa kirusi, yaani virusi vya asili moja, unaishi kabla ya kutoweka. Chanjo huonekana pale koo zinapokatika mfululizo katika maeneo yaliyofikiwa huku zikiendelea kwingine.

Nyuzilandi ni mfano mzuri wa dalili hizi kusomwa kwa pamoja. Katika wimbi la kwanza la UVIKO-19 mwaka 2020 watafiti walisoma jenomu 649, zaidi ya nusu ya wagonjwa wote waliothibitishwa wakati huo. Walihesabu uingiaji tofauti 277, na asilimia 19 tu kati ya huo ndio uliozaa mnyororo wa zaidi ya mgonjwa mmoja wa ziada. Katika kundi kubwa kuliko yote, wastani wa watu ambao mgonjwa mmoja aliwaambukiza ulishuka kutoka 7 hadi 0.2 ndani ya wiki ya kwanza ya kufunga nchi. Lakini usisahau: ile ni nchi ya visiwa. Sisi tuna Tunduma, mji ambao mtu anavuka kwenda Nakonde upande wa Zambia kununua sukari na kurudi kabla chai haijapoa, na tuna mto Songwe ambao una vivuko ambavyo havimo kwenye ramani ya mtu yeyote.

Jambo moja dogo linaloangusha wengi ni tarehe. Hatua ina tarehe ya tangazo na tarehe ya utekelezaji, na mara nyingi hazilingani. Mnada "umefungwa" Jumatatu kwa barua, ukaendelea hadi Alhamisi pembeni ya barabara. Waulize watendaji wa kata na viongozi wa soko, andika tarehe zote mbili, na katika uchambuzi tumia ya utekelezaji. Andika na hatua za majirani pia. Mei 2020 Zambia ilifunga mpaka wake wa Nakonde kwa siku chache baada ya kukuta wagonjwa wengi mjini humo. Anayepima hatua za Tunduma za mwezi huo bila kujua hilo atatoa sifa upande usiostahili.

3. Panga sampuli, hapa ndipo kazi yote ilipo

Kosa la kawaida ni kuchukua sampuli mahali zinapopatikana kwa urahisi. Madereva wa malori wanapatikana kwa urahisi: wako kwenye foleni, wanasubiri karatasi, wengine kupimwa ni lazima. Ukisoma jenomu za madereva 80 na za wakazi wa jijini 10, mti, yaani mchoro wa nasaba ya virusi, utakuonyesha kwamba kirusi kinaletwa na madereva. Utakuwa umepima uchukuaji wako wa sampuli, na madereva watabebeshwa lawama kwa hesabu mbovu.

Gawa sampuli kulingana na wagonjwa. Chukua orodha ya waliothibitishwa kila wiki kwa kila wilaya, kisha chagua kwa bahati nasibu idadi inayolingana. Kama Mbeya Jiji ina nusu ya wagonjwa, iwe na takriban nusu ya jenomu. Weka kiwango cha chini kwa wilaya ndogo ili Ileje au Makete zisipotee kabisa, na andika kwamba uliziongezea, maana utalazimika kulisahihisha hilo kwenye hesabu.

Sampuli za kabla ya hatua ni muhimu kuliko za baada, na ndizo ambazo karibu kila mara hazipo. Mlipuko unapoanza kila mtu anakimbizana na majibu ya PCR, kipimo cha maabara kinachotambua kirusi. Hakuna anayekumbuka kuhifadhi kilichobaki. Kubaliana na maabara mapema kwamba mabaki ya sampuli zote chanya yatahifadhiwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, hata kama hujui bado kama utayasoma. Uamuzi huo unagharimu nafasi kwenye friza tu.

Sampuli zenye virusi vichache hazisomeki vizuri. Kwa njia nyingi zinazotumika, namba ya Ct (mizunguko ya PCR hadi kirusi kionekane; ikiwa kubwa, virusi ni vichache) iliyo chini ya 30 hutoa jenomu nzuri. Juu ya hapo mashimo, yaani sehemu zisizosomeka, huongezeka. Tumia kigezo kimoja kwa kipindi cha kabla na cha baada. Ukilegeza katikati, utakuwa unalinganisha makundi mawili ya wagonjwa yasiyofanana.

Kisha kuna jenomu za wengine. Huwezi kujua kirusi cha Vwawa kimeingia upya kama huna cha Zambia, Malawi, Kongo na Dar es Salaam cha kukilinganisha nacho. Ni hilo lililofanya kazi mwaka 2022, Malawi ilipotangaza mgonjwa wa polio ya asili mwaka mmoja na nusu tu baada ya Afrika kuthibitishwa kuwa huru. Mfuatano wa kirusi chake ulilinganishwa na hifadhi ya dunia ya jenomu ukafanana na ukoo wa Pakistan. Kwa hiyo haikuwa polio iliyojificha Afrika miaka yote hiyo, ilikuwa imeingia. Machi mwaka huo chanjo ya nyumba kwa nyumba ikaanza upande wetu katika mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma. Wagonjwa walioonekana baadaye Msumbiji walikuwa wa ukoo huohuo, na mlipuko ulitangazwa kwisha Mei 2024. Bila jenomu za Pakistan kwenye hifadhi, hadithi yote hiyo isingesomeka.

Upande wa pili wa jambo hilo tuliuona mwaka 2021. Angola ilisoma jenomu za wasafiri waliotoka Tanzania ikakuta ukoo wa UVIKO-19 wenye mabadiliko mengi ambao haukuwa umeonekana kwenye hifadhi, kwa sababu kutoka kwetu hakukuwa na jenomu za kutosha. Usiposoma vya kwako, jirani atakusomea kupitia wasafiri wako, na kwa kuchelewa.

4. Fomu ya sampuli

Mashine haijali fomu, lakini uchambuzi unaanguka bila hiyo. Chukua mfano huu. Utingo wa lori amelazwa Tunduma. Kwenye "makazi" muuguzi ameandika Mbeya, kwa sababu ndiko kampuni ya lori iliko. Kijana mwenyewe anaishi Makambako, ametoka Kapiri Mposhi siku nne zilizopita, na homa ilimwanzia njiani. Ukiingiza "Mbeya" kwenye programu, jenomu yake inakuwa ya Mbeya, na uingiaji mmoja kutoka nje unageuka maambukizi ya ndani.

Kwa hiyo fomu iwe na nafasi tatu tofauti: anakoishi, alikochukuliwa sampuli, na alikolala usiku katika siku 14 zilizopita. Swali la "alikolala" hupata majibu ya kweli kuliko "amesafiri wapi". Dereva wa kila siku hahesabu Nakonde kuwa safari. Kwa abiria wa treni ya TAZARA andika kituo alichopandia.

Tarehe iandikwe mwezi kwa maneno. "03/04" imeshageuka Machi mahali fulani na Aprili mahali pengine, na kosa la mwezi mmoja linatosha kuupotosha mti. Andika tarehe ya dalili kuanza na ya kuchukua sampuli, zote mbili. Lebo ziandikwe kwa kalamu ya wino usiofutika na namba irudiwe kwenye kifuniko. Barafu ya kwenye boksi ikiyeyuka njiani kutoka Kyela, wino wa kawaida unafika maabara ukiwa doa la bluu.

Jina la mgonjwa libaki kwenye daftari la kituo. Kinachosafiri na jenomu ni namba tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusika hapa, na kama kazi yako ni utafiti na si ufuatiliaji wa kawaida, kibali cha maadili kitangulie.

5. Maabara

Kabla ya kununua chochote, uliza nani tayari anasoma jenomu: kituo cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa) Mbeya, Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii Dar es Salaam. Kupeleka sampuli 48 kwa wenye uzoefu ni bora kuliko kujifunzia katikati ya mlipuko.

Kama mnasoma wenyewe, njia iliyozoeleka ni kuzidisha jenomu vipande vipande vya herufi karibu 400 vinavyolaliana, kisha kuvisoma kwa mashine kama MinION, inayochomekwa kwenye kompyuta mpakato. Mashine ya aina hiyo ilitumika Guinea mwaka 2015 kusoma jenomu za Ebola papo kwa papo. Kila mkupuo, yaani kundi la sampuli zinazosomwa pamoja, uwe na kidhibiti hasi, yaani maji matupu yanayopita hatua zote. Yakitoa jenomu, mkupuo wote umechafuka na haufai. Umeme uwe na akiba. Ukikatika usiku wa kusoma, unaweza kubaki na nusu ya data.

6. Chuja kabla ya kuchora

Pitisha jenomu kwenye Nextclade, programu ya kukagua ubora wa jenomu. Inafunguka kwenye kivinjari, ni bure, na data haitoki kwenye kompyuta yako. Bakiza zenye angalau asilimia 90 ya herufi zilizosomeka. Jenomu yenye mabadiliko mengi ambayo hakuna nyingine inayo, au inayochanganya alama za koo mbili, ichunguzwe: mara nyingi ni mchanganyiko wa sampuli na si kirusi kipya. Ukitaka kutangaza kirusi kipya, soma sampuli tena kwanza.

7. Mti wenye tarehe

Panga jenomu zako pamoja na za majirani, jenga mti kwa programu ya IQ-TREE, kisha uweke kwenye kalenda kwa programu ya TreeTime. Angalia kwanza kama umbali kutoka shinani unaongezeka kadiri tarehe zinavyosogea. Usipoongezeka, ama tarehe zako zina makosa, ama kirusi hakijapata muda wa kubadilika. Vyovyote iwavyo, usiendelee na hesabu za muda. Jenomu iliyo mbali na mstari wa ongezeko hilo ikague fomu yake. Tisa kwa kumi utakuta tarehe.

8. Vipimo vitatu

Mfano huu ni wa kubuni, lakini umbo lake ni la kweli. Jenomu 40 zimesomwa kwa mwezi kabla upimaji haujakazwa Tunduma, na 40 kwa mwezi uliofuata. Zote ni za wakazi wa Mbeya na Songwe waliochaguliwa kwa bahati nasibu.

Kabla: uingiaji 16. Kati ya huo, 11 uliishia kwa mgonjwa mmoja mmoja, na mitano ikazaa makundi ya watu 7, 7, 6, 5 na 4.

Baada: uingiaji 6. Mitatu iliishia kwa mgonjwa mmoja mmoja. Mitatu ikazaa makundi ya 23, 9 na 5.

Mtu wa mpakani atafurahi: 16 imekuwa 6. Mganga Mkuu wa Mkoa hapaswi kufurahi. Kirusi kimeacha kuhitaji mpaka. Kundi la watu 23 linaishi jijini peke yake, na fedha za mwezi ujao zinatakiwa sokoni, stendi na kwenye kutenga wagonjwa. Grafu ya wagonjwa ingekuonyesha miezi miwili inayofanana.

Kipimo cha tatu ni wastani wa watu ambao mgonjwa mmoja anawaambukiza, kabla na baada ya tarehe ya utekelezaji. Programu ya BEAST 2 hukikadiria kutokana na mti. Kinataka makumi ya jenomu na uvumilivu wa kusubiri kompyuta, na jibu lake lisomwe pamoja na wigo wake, yaani kadirio la chini na la juu: 0.8 yenye wigo kutoka 0.4 hadi 1.5 haijakwambia kama mlipuko unazima.

9. Jaribu kuliangusha jibu lako

Idadi ya uingiaji ni ya chini kuliko ukweli siku zote. Koo mbili zinazofanana zikiingia kwa njia mbili, mti utaziona moja. Na ukisoma jenomu nyingi zaidi utapata uingiaji mwingi zaidi, kwa hiyo linganisha vipindi vyenye idadi sawa ya jenomu. Kama havilingani, punguza kikubwa kwa bahati nasibu, rudia mara 100, uone jibu linasogea kiasi gani.

Angalia chanzo. Kama wagonjwa wa Zambia nao walipungua mwezi ule, uingiaji ungepungua hata bila mtu mmoja kupimwa Tunduma. Gawanya uingiaji kwa hali ya ugonjwa huko unakotoka. Kisha tafuta mkoa wa kulinganisha. Iringa inapokea malori yaleyale yanayopita Makambako na Mafinga. Kama Iringa hawakufunga minada na makundi yao yalipungua sawa na ya Mbeya, kufunga minada hakujathibitika. Huenda watu waliogopa wakakaa nyumbani wenyewe, na hilo hutokea kabla ya tangazo mara nyingi.

Ebola ya Afrika Magharibi ndiyo iliyofundisha uvumilivu huu. Jenomu 1,610 kutoka Guinea, Sierra Leone na Liberia zilichambuliwa pamoja. Zilionyesha kwamba kirusi kilihamia zaidi kati ya sehemu zenye watu wengi zilizo karibu karibu, na kwamba kuvuka mipaka kulipungua baada ya mipaka kufungwa, ila kufikia hapo kilikuwa kimeshavuka. Kufunga mpaka kulikuwa na athari, na kulichelewa. Ripoti yako iruhusu majibu ya namna hiyo.

10. Ripoti

Ukurasa mmoja. Juu kabisa weka uamuzi unaopendekezwa, chini yake namba tatu na wigo wake, chini yake ramani. Mti uache kwenye kiambatisho. Kikaoni huzaa maswali ya rangi za matawi tu. Usiandike "madereva walileta" wala jina la kijiji chenye wagonjwa wawili, maana watajulikana kabla kikao hakijaisha. Andika jenomu ngapi zilisomwa kati ya wagonjwa wangapi, na wilaya zipi hazikutoa sampuli.

Ripoti ya jenomu inayofika wiki sita baada ya sampuli ni historia. Lenga wiki mbili, hata kwa jenomu chache, kisha ongeza. Ikishapitishwa, weka jenomu kwenye hifadhi ya pamoja kama GISAID zikiwa na tarehe kamili na jina la mkoa, si "Tanzania" tu, kwa sababu wenzetu wa Chipata, Karonga na Nakonde watazihitaji kama sisi tunavyozihitaji za kwao. Mabaki ya sampuli yarudi kwenye friza na namba zake, pamoja na nakala ya jedwali la tarehe za hatua.